Brandi ya Sikio

Mpaka leo wazee wenzangu pale Nakuru wakiniona lazima mmoja aulize kama sikio bado linakunywa, na mimi hucheka nao, lakini wacha niseme ukweli, siku ile sikucheka, nilitamani barabara ipasuke niingie.

Ilikuwa miaka ya hamsini na kitu, mimi dereva wa pikapu ya mzungu mmoja huko Kabazi, kijana wa kupaka nywele mafuta, na nilikuwa nimeposa Nasimiyu, binti ya mzee Barasa wa reli. Mzee huyo alikuwa ameokoka na sharti lake lilikuwa moja tu, mlevi hataoa kwake. Mimi pombe sikuonja (chai ndiyo ugonjwa wangu hata sasa), kwa hivyo nikaona hapo nimeshapita.

Sasa asubuhi hiyo nikaamka sikio la kushoto linauma mpaka kwa meno. Badala ya kumwambia mzungu mimi ni mgonjwa, nikaogopa atampa mwingine usukani, nikaenda jikoni kwa mpishi wake, mtu aliyejua dawa ya kila kitu isipokuwa ya kipara chake. Mpishi akalowesha pamba kwa brandi ya mzungu akanisokotea sikioni, nyingine ikamwagika kwa kola. Ikachoma, ikapoa, nikamshukuru, nikapakia mikebe ya maziwa nikateremka mjini.

Kufika karibu na soko dunia ikaanza kuzunguka. Barabara ilikuwa inaenda kushoto na mimi naifuata, nikagonga meza ya mama wa viazi (hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema), nikafungua mlango nishuke niombe msamaha, miguu ikakataa, nikamwangukia mama mmoja aliyekuwa anachagua viazi, nikamshika shingo, na kuinua macho naona ni mama yake Nasimiyu. Kwetu mama mkwe hata mkono humpi, ukimwona njiani unampisha, na mimi hapo nimemkumbatia nikinuka brandi. Alijitoa, akajifunika uso na leso, akaenda zake.

Koplo wa polisi akaja, akanusa, akachora mstari wa chaki nitembee juu yake. Nikaanguka. Akaniuliza jambo upande wa kushoto, sikusikia, nikajibu lingine. Nikamweleza brandi ni ya sikio.

"Ya sikio," akasema. "Na ya pua umeficha wapi?"

Soko zima likacheka. Na wakati huo Mwafrika kushikwa na pombe kali ya kizungu ilikuwa kesi yake peke yake.

Wakanipeleka kwa daktari Mhindi anipime ulevi. Akatoa pamba, akachungulia na tochi akaona usaha, akanusa mdomo akakuta chai tu, akaandika yote kwa karatasi. Mzee Barasa naye akatuma neno, korti ikisema mimi mlevi, nisikanyage kwake tena.

Siku ya kesi daktari akaeleza kwamba ndani ya sikio kuna kitu kama pimamaji ya fundi wa nyumba, yale maji yake yakivurugika mtu anayumba hata kama hajaonja kitu. Koplo akaguna. Hakimu, mzungu mzee, akauliza kama jambo hilo linaweza kuonekana kwa macho. Daktari akasema linaweza, koplo akikubali. Koplo kwa kiburi akakubali, akamwagiwa maji baridi sikioni, pole pole, na mimi nikasahau niko kizimbani, nikasimama kwa vidole nione vizuri. Macho yake yakaanza kukimbia upande mmoja na kurudi. Akaambiwa atembee. Alienda upande upande mpaka kwa meza ya karani akaikumbatia.

"Umekunywa nini, koplo?" hakimu akauliza.

"Maji, bwana. Na hata sikumeza."

Kesi ya ulevi ikafutwa, na ya brandi pia kwa kuwa ilikuwa dawa. Lakini hakimu akaniuliza kama niliamka nikijua sikio ni bovu na bado nikashika usukani, nikasema ndiyo, basi leseni ikabaki kwake mpaka daktari aseme limepona. Nje mzee Barasa akanipa mkono, halafu akakohoa.

"Mama yake Nasimiyu anauliza, mlevi anaweza kuokoka. Sikio bovu litaokoka aje? Na watoto wakizaliwa nalo?"

Basi harusi ikangoja sikio likauke. Kwa kuwa mama mkwe hangeweza kunikaribia, alimtuma dada yake, na kila Jumapili huyo mama alinivizia mlango wa kanisa, watu wote wakitoka, ananilaza kichwa, ananusa sikio, kisha anaenda kutoa habari. Miezi ikaisha hivyo. Jumapili moja akanusa mara mbili, akatangaza kwa sauti ya kwaya, "Limekauka. Na aoe."

Tukaoana, na watoto walizaliwa wana masikio mazuri kuliko adabu. Mimi niliapa, nikiumwa hata ukucha nasema mapema na gari nawaachia wenye afya. Na sikio hili halijaingiwa na kitu tena isipokuwa maneno, mengi yao ya Nasimiyu.