Vitunguu Kumi na Viwili vya Doreen

Doreen Hainsworth aliwapikia watoto wa shule ya kijiji cha Aikendale miaka ishirini na sita, kwa masufuria ya kuogea mtu, na hakuna aliyewahi kumwona akihesabu sahani mara mbili. Jumamosi ile ya Agosti alihesabu mara tatu. Saa moja asubuhi alikuwa ndani ya hema la maonyesho, akipanga vitunguu vidogo vya achari juu ya sahani ya mchanga mkavu. Vilikuwa kumi na viwili, vya rangi ya shaba, vimelingana kama vifungo vya koti moja.

Mgeni atacheka, na acheke. Watu wa Aikendale ni wapole mwaka mzima, lakini ikifika siku ya maonyesho ya chama chao cha bustani, jirani huitazama karoti ya jirani kwa jicho la husuda na hata salamu hutoka nusunusu.

Vitunguu vile alivipanda mumewe, Cyril, tarehe ishirini na moja Desemba, siku yenye mchana mfupi kuliko zote, kama alivyofanya kila mwaka. Februari Cyril akafa. Doreen ndiye aliyepalilia, akatandika nyavu ndege wasivichokore, akaving'oa Juni na kuvianika. Kwa vitunguu vya mbegu hiyo Cyril alikuwa ametwaa kikombe cha fedha miaka miwili mfululizo, na atakayekitwaa mara tatu mfululizo hukichukua kikawa chake daima. Hilo halikumshughulisha Doreen. Alitaka kushinda mara moja tu, kwa jina lake mwenyewe, kwa vitunguu vya mwisho vilivyopita mikononi mwa marehemu.

Saa tatu wote wakatolewa nje na milango ya hema ikafungwa kamba. Ndani akabaki mwamuzi, mama mmoja mkavu kutoka mji wa pili, pamoja na msaidizi wake. Mbele ya kila sahani kadi ya mshindani imelazwa jina chini, ili mwamuzi asijue anahukumu cha nani. Tangu hapo hadi hukumu iishe, mshindani haruhusiwi kugusa kitu.

Doreen akaenda kunywa chai. Mwanamke aliyeuza tiketi za bahati nasibu akampa kikaratasi aandike jina lake. Akaandika, akakirudisha, akakoroga sukari. Yule mwanamke akakitazama kile kikaratasi, kisha akamtazama yeye.

"Bi Doreen," akasema kwa upole, "umeandika Cyril."

Doreen akaacha kukoroga. Si kwa ajili ya bahati nasibu. Kwa miaka thelathini na minne yeye ndiye aliyemwandikia Cyril kadi za maonyesho, maana mwandiko wa Cyril kuku angeuonea haya. Na asubuhi ile je? Alijaribu kuikumbuka kalamu, akajaribu kuiona kadi. Alichokumbuka ni kitunguu cha saba tu, jinsi alivyohofia kwamba kimenenepa.

Akaacha chai ipoe, akalizunguka hema kwa nyuma, mahali turubai lilipoachana kidogo. Akachungulia. Mwanamke wa watu, mjane wa miaka sabini na moja, ameinama kwenye nyasi kama mwizi wa kuku.

Mwamuzi alikuwa amefika kwenye vitunguu. Alishika pete ya shaba yenye tundu la milimita thelathini, na kila kitunguu cha achari sharti kipite humo. Kisichopita kinaponza sahani nzima. Cha kwanza kikapita. Cha pili, cha tatu. Cha saba kikakwama. Doreen akauma kidole. Mwamuzi akakigeuza taratibu, akakijaribu tena kwa upande mwingine, nacho kikateleza kikadondokea kiganjani. Vilipokwisha vyote kumi na viwili, akaweka mbele ya sahani ile kadi nyekundu ya ushindi wa kwanza, akaenda zake kwenye maua.

Doreen hakuweza hata kufurahi, kwa sababu msaidizi alikuwa ameinua kadi ya jina, na msaidizi mwenyewe ni Alwyn Tordoff.

Katika watu wote, Alwyn! Cyril alipokuwa katibu wa chama aliandika sheria kwamba mboga zikiwekwa kwa jina lisilo la mshindani, zitolewe mashindanoni. Na kwenye sheria hakumwonea mtu haya. Miaka sita nyuma alimtoa Alwyn huyuhuyu kwa sababu maharage yake yalikuwa saba badala ya sita, la saba likiwa limejificha chini ya mengine. Alwyn alimnunia miaka mitatu. Na mwaka huu, kijiji kikiwa kidogo na watu hawatoshi, Alwyn anamsaidia mwamuzi huku vitunguu vyake mwenyewe viko mezani, na ndivyo vilivyoshika nafasi ya pili.

Alwyn aliisoma kadi. Akaisoma tena. Kisha akainua macho moja kwa moja hadi kwenye lile tundu la turubai, akaliona jicho la Doreen. Akaja polepole, akainama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu.

"Umeandika jina lake," akanong'ona.

"Nilijua."

"Mwamuzi yuko kwenye maua, kanipa mgongo. Nina kadi tupu mfukoni. Chukua, andika lako, nipe. Pitisha mkono tu hapa chini."

Kadi ikapenya chini ya turubai. Doreen aliitazama pale kwenye nyasi. Kwanza alishuku mtego. Aibu ikamshika kwa kushuku. Halafu akawaza kwamba hakuiba kitu, kwamba vitunguu ni vyake, amevilea kwa magoti yanayouma. Nani angedhurika? Mkono ukaenda. Ukafika kwenye kadi.

"Na maharage yako, Alwyn?" akauliza. "Lile la saba. Wewe uliletewa kadi chini ya turubai?"

Alwyn akaguna. "Cyril? Asingeniletea hata glasi ya maji siku ile."

"Basi nikiichukua hii, sheria yake ilikuwa ya kukukomoa wewe tu."

Akairudisha kadi ndani kwa ncha ya kidole, akasimama, akajifuta magoti, akazunguka hadi mlangoni akaita mwamuzi aje. Akamweleza yote kwa sauti iliyosikika hadi kwenye meza ya chai: sahani ile ni yake, jina lile ni la mumewe, na mumewe amekufa. Mwamuzi alisikitika, ilionekana, lakini aliiondoa kadi nyekundu na kuandika kwenye kadi ya Cyril kwamba haikufuata masharti. Doreen aliposoma maneno hayo chini ya jina la Cyril, alicheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha.

Jioni kikombe akapewa Alwyn. Alikipokea bila raha, akakishika kama mtoto wa mtu mwingine. Watu walipokuwa wakikusanya mboga zao akaja mezani kwa Doreen.

"Miaka ishirini nilimwomba Cyril mbegu hii. Alinicheka."

Doreen akamsukumia sahani. "Chukua sita. Sita, Alwyn, si saba."

Alwyn akahesabu mbele yake, kimoja kimoja, akavitia mfukoni mwa koti.

"Tarehe ishirini na moja Desemba," Doreen akamwambia. "Mvua isikuzuie, Cyril haikumzuia. Na ukimaliza kwako uje kwangu unichimbie, magoti yangu hayakunjiki tena."

"Nitakuja," akasema Alwyn. "Lakini kwenye kadi utaandika jina lako."