Jiko la Wageni

Mtaa mzima ulimwita Povu, kwa sababu ya kazi yake ya kufua nguo za watu, naye hakukasirika. Tangu asubuhi alichemsha maji kwa mkaa katika chumba kilekile alichopikia. Nyuma ya pazia lililokigawa chumba hicho alilala mama mkwe wake, mgonjwa wa kifua. Mume wa Povu alikwisha kufa, lakini wanawake hao wawili walibaki pamoja, wakigombana juu ya chumvi na kupendana bila kusema.

Basi wakaja watafiti. Vyuo vitatu vilikuwa vimeungana kuwa mtandao mmoja wa utafiti: kimoja kilitengeneza spiriti kwa makapi ya miwa, cha pili kiliunda jiko la kuiwasha bila moshi, cha tatu kilipima moshi jikoni. Kura zikapigwa. Nusu ya nyumba zikapewa jiko, nusu zikabaki na mkaa ili zilinganishwe, na kila jikoni kukatundikwa kipimo. Povu akaangukia upande wa mkaa. Wifi yake, aliyekaa nyumba ya pili, akapata jiko. Profesa aliyeongoza mtandao huo akaahidi kwamba mwaka ukiisha na jiko likaonekana linafaa, nyumba za mkaa nazo zitapewa.

"Mwaka tu, mama," Povu akamwambia mkwewe. "Vumilia."

"Mwambie huyo profesa aje alale hapa yeye," bibi akajibu, kikohozi kikamkatiza.

Sasa sikia ujinga wa binadamu. Siku moja Povu alikwenda kwa wifi kuazima sabuni, akalikuta jiko sebuleni, juu ya meza, limefunikwa kitambaa cha kudarizi, na huko jikoni moshi wa mkaa umetanda. Wifi alikuwa anawawekea wageni, kama watu wanavyoweka vikombe vizuri. Wala hakuwa peke yake. Karibu wote waliopewa walifanya hivyohivyo, kila mmoja akimwiga mwenzake. Spiriti ya wifi aliichukua mumewe, fundi seremala, kuchanganyia vanishi. Watafiti walipokuja, jiko lilishushwa sakafuni likiwa linang'aa, wakalipiga picha na kumsifu mwenyewe kwa usafi. Watu waliosoma mpaka nywele zikawaisha kichwani, asijiulize hata mmoja ni jiko gani hilo linalopika kila siku lisipate doa la mchuzi.

Povu alijua, na ulimi ulimwasha. Lakini angesema nini? Wangemnyang'anya wifi jiko, ndugu wangesema ana kijicho, na mama mkwe angeumia kuona bintiye ameaibishwa. Akaona amsihi wifi mwenyewe.

"Wifi, lipikie basi. Mama anasubiri majibu ya hilo jiko."

"Nilichafue? Halafu wageni wakija niwachemshie chai kwenye nini?"

Povu akarudi na sabuni aliyoazima, na watafiti hakuwaambia kitu. Kunyamaza huko kulikuwa kosa, nami sitamtetea.

Mwaka ulipoisha, wote wakaitwa kwenye ukumbi wa shule. Profesa, uso umemshuka, akaeleza kwamba vipimo vya nyumba zenye jiko na vya nyumba za mkaa vimetoka sawasawa. Jiko halipunguzi moshi. Chuo cha spiriti kimejitoa, cha majiko kimeshika kazi nyingine, na mtandao umevunjika. Hakuna majiko mengine yatakayotolewa. Waliokwisha kupewa wabaki nayo, iwe shukrani. Watu wakapiga makofi. Povu alimgeukia wifi yake, naye alikuwa akipiga makofi pamoja na wenzake.

Mama mkwe alifariki kabla mvua hazijaanza, moshi ukiwa umejaa chumbani na sufuria ya mashuka ya watu ikichemka. Alikuwa ameomba maji ya kunywa. Povu alipofunua pazia na kikombe mkononi, bibi alikuwa ameshakwenda.

Waombolezaji wakajaa mpaka nje. Wifi akaja akimlilia mama yake kwa uchungu wa kweli, mikononi amebeba jiko, kitambaa bado kiko juu yake, pamoja na kidumu cha spiriti alichomnyang'anya mumewe. Akaliweka nyuma ya pazia, pale palipokuwa na kitanda cha marehemu, akafunua, akawasha. Moto wa buluu ukashika, bila moshi hata chembe.

"Leo wageni wamekuja, wifi," akasema huku akijifuta machozi. "Lete sufuria ya chai."

Povu akaleta. Maji yalichemka upesi kuliko yalivyowahi kuchemka chumbani humo, na waliokaa karibu wakalisifu jiko.