Pumu Ambayo Sikuwa Nayo

Ipo siku moja, mwanangu Tumaini, ambayo kila nikiikumbuka mikono yangu hupoa. Nilikuwa nimesimama katika ofisi ya walimu, kwenye shule yetu ya kata kule Mbagala, na bibi yangu mzaa baba ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya mwalimu wa darasa. Mwalimu akamuuliza kwa upole kama nazitumia vizuri dawa zangu za pumu. Bibi akageuza uso taratibu, akaniangalia mimi, kisha akamwangalia mwalimu.

"Pumu ya nani?" akauliza.

Nitafika hapo. Kwanza nikwambie kwa nini nakuandikia. Mama yako amenipigia simu. Anasema tangu uingie kidato cha nne hutaki mchakamchaka, hutaki mpira, hutaki hata kutembea kutoka nyumbani hadi Mwenge. Unashinda chumbani na simu, ukipitia mitihani ya miaka iliyopita kwenye kundi lenu, na sasa unataka aende shuleni akuombee ruhusa usishiriki michezo mpaka umalize. Najua mimi si mzee, sina hata unywele mmoja wa mvi. Lakini mdogo wa mama ni mama, kwa hiyo nitakuita mwanangu nawe uvumilie. Nimefuta mwanzo wa maneno haya mara nyingi nikitafuta namna ya kukwambia bila kumvunjia heshima babu yako. Sikuipata. Nitasema tu yalivyokuwa.

Babu yako alikuwa karani. Kule Masasi aliishia kidato cha nne, na si kwa kukosa akili, ila nafasi zilikuwa chache. Akaweka nadhiri kwamba mmoja wetu atafika kidato cha tano na kuendelea. Mama yako akaolewa mapema, kaka zangu wakubwa, yaani wajomba zako, wakachagua biashara. Zamu ikaniangukia mimi kitinda mimba. Nami nilikuwa mtoto wa kuandika upya ukurasa mzima kwa sababu herufi moja imepinda. Mzigo ule nilijitwika kabla hata sijatwishwa.

Shuleni kwetu kulikuwa na mchakamchaka kila asubuhi kabla ya paredi. Tulizunguka mtaa kwa nyimbo, vumbi hadi kwenye nyusi, na akina mama wa vitumbua walikuwa wakifunika makarai yao tunapopita. Nilipoingia kidato cha nne, baba akaanza kuona kila hatua ya mbio zile ni ukurasa ulioibwa. Siku moja akanisindikiza hadi shuleni, akamwambia mwalimu wa zamu kwamba nina pumu, vumbi linanidhuru, basi niachwe darasani nijisomee.

Mwanangu, baba alikuwa mzee wa kanisa. Hakuwahi hata kutuagiza tumwambie mgeni kwamba hayupo nyumbani. Nilimsikia akiutamka uongo ule kwa sauti ileile anayosomea matangazo ya ibada, nikapigwa na butwaa. Kisha, nakiri, nikafurahi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakuacha neno lolote kuhusu mtu anayetangaza maradhi asiyo nayo, labda kwa sababu hawakudhani kuna atakayejaribu.

Rafiki yangu Zuhura, ambaye tulicheza naye netiboli tangu kidato cha kwanza, hakudanganyika hata kidogo. Asubuhi ya kwanza alipopita dirishani jasho likimtiririka, alichungulia akasema, "Sista mgonjwa, ukizidiwa utuambie, sie tuko fiti tutakubeba." Darasa zima likacheka. Mie nikainamia daftari.

Muda nikawa nao sasa, tena mwingi. Nilikariri majibu ya mitihani ya zamani, neno kwa neno, na nikikosea nukta narudia mwanzo. Netiboli nikaiacha. Nyumbani joto la alasiri lilinielemea, na nilikuwa nimesikia kwa wanafunzi wenzangu kwamba dawa ya kufukuza usingizi ni maji baridi. Basi nikawa naketi uani, miguu ndani ya beseni, kitabu mapajani, mpaka maandishi yanapotea kwa giza. Usingizi ulipokuja kitandani, ulikuwa wa vipandevipande, maana hata ndotoni nilikuwa najibu maswali.

Ndipo Bibi akaja kutoka Masasi kutibiwa macho. Macho yake yalikuwa hafifu, lakini beseni aliliona siku ileile. Aliinama, akanigusa vidole vya miguu vilivyokwisha kunjamana.

"Kwetu tunaloweka mihogo, mjukuu wangu," akasema, "na tunailoweka ili sumu itoke. Wewe wamekuloweka utoke nini?"

Mama alicheka hadi mwiko ukamponyoka. Baba hakucheka. Alimwambia mama yake kwa heshima kwamba huo ndio usomaji wa siku hizi.

Ukaja mtihani wa majaribio, ule tunaouita moko. Nilitoka kwenye chumba cha Baiolojia nimetulia, nina hakika na kila mstari. Majibu yalipotoka, mwalimu wa darasa, Mwalimu Mlawa, ambaye pia alitufundisha somo hilo, aliniita akaniwekea karatasi yangu mezani. Swali liliuliza jinsi mmea unavyopoteza maji. Mimi nilikuwa nimejaza kurasa nikieleza jinsi figo la binadamu linavyochuja damu. Lilikuwa jibu zuri sana la mtihani wa mwaka mwingine. Nililisoma, nikalisoma tena. Mwandiko ulikuwa wangu, umenyooka, hauna hata neno lililofutwa. Sikukumbuka kuliandika.

Na halikuwa swali moja. Kwa alama zile, kidato cha tano kilikuwa kimeshafungwa mlango, na mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia.

Mwalimu hakunigombeza. Aliogopa. Alidhani dawa za pumu zimenichanganya kichwa, akanituma nimlete mzazi. Baba alikuwa kazini, mama sokoni. Nikaja na Bibi, nimemshika mkono kwa sababu ya macho yake, na njia nzima nilijua ofisini kuna neno linalomsubiri, naye hajui.

Sasa tumerudi pale nilipoanzia. "Pumu ya nani?" Mwalimu Mlawa akaeleza kwamba baba yangu mwenyewe ndiye aliyesema. Walimu wengine waliokuwa wanasahihisha wakaacha kalamu. Bibi akaniuliza kama nina pumu. Nikasema sina. Hakupandisha sauti.

"Basi toka nje," akasema, "ukimbie hadi kwenye goli urudi, mwalimu akuone."

Nilifarijika, mwanangu, huwezi kuamini. Nilijiambia aibu itaisha pale pale. Shule ya msingi nilikuwaga nawaacha hadi wavulana. Nikavua viatu, nikatoka mbio, jua la saa sita kichwani.

Goli sikulifika. Katikati ya uwanja kifua kilijifunga. Nilivuta hewa ikagoma kuingia, na koo likaanza kupiga mluzi, sauti ileile niliyokuwa nikimsikia jirani yetu mwenye pumu ya kweli. Nikaanguka. Nilikuwa chini kwenye vumbi, nikiona vichwa vya wanafunzi madirishani, nikimsikia mwalimu akipaza sauti iletwe dawa ambayo haikuwepo duniani. Wazo lililonijia ni moja tu: baba ameniitia ugonjwa, na ugonjwa umeitika.

Zuhura ndiye aliyefika kwanza, sketi kaikunja mkononi. Aliniketisha, akaniambia nipumue naye, polepole, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na utani. Kwa mbali nilimwona Bibi amesimama mlangoni pa ofisi, mikono kichwani. Alikuwa haoni vizuri, kwa hiyo hakujua kama niko hai. Sura yake ile sijaisahau.

Nilipofikishwa zahanati, daktari alinisikiliza kifua mbele na nyuma. Akasema mapafu ni mazima. Msichana amekaa mno, halali, na ameingiwa na hofu, kwa hiyo mwili umeshtuka ulipodaiwa kazi ghafla. Nilitaka aseme tena, maana sikuamini kwamba mtu wa umri wangu anaweza kuharibika kwa kuketi tu.

Jioni baba aliporudi, Bibi alikuwa anamsubiri sebuleni. Siku zote alimwita Baba Pendo, kwa jina la mama yako. Siku ile alimwita Yohana, na mama aliposikia hivyo akatoka na kutuacha watatu.

"Yohana, shule yako ilikuwa ng'ambo ya mto," Bibi akasema. "Ulikuwa unakwenda mbio na kurudi mbio, na wa kwanza darasani ulikuwa wewe. Ile miguu nani alikwambia ilikuwa inakupotezea muda?"

Baba akajibu kwamba alitaka tu mtoto afike pale ambapo yeye hakufika.

"Umemtaka afike, ukamkata miguu," Bibi akasema. "Leo nimesimama mlangoni nikidhani nimezika mjukuu."

Sikuwahi kumwona mtu akimkemea baba. Aliinama, akavua miwani, akaishika muda mrefu kama kitu ambacho hajui ni cha nani. Nami, badala ya kufurahi kwamba lawama haikuniangukia, nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimesimama kando yake siku ile ya uongo, na mdomo ninao.

Asubuhi akanisindikiza shuleni. Mwalimu wa zamu alikuwa kijana, mdogo kwa baba kwa miaka mingi, akampa shikamoo. Baba akaitikia, kisha akasema mbele yangu, "Mwalimu, nilisema uongo. Mwanangu hana pumu. Naomba akimbie na wenzake." Yote ya jana yalinitikisa, lakini hilo, mwanangu, lilinitikisa kuliko kuanguka.

Nilianza upya mkiani, nyuma ya watoto wa kidato cha kwanza. Zuhura aliacha nafasi yake ya mbele akaja kukaa nami. "Karibu, marehemu," akasema. Wiki za mwanzo nilitembea zaidi ya nilivyokimbia. Nililala mapema, si kwa hekima, ila kwa kuchoka. Na kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelipanga: Zuhura alikuwa ananiuliza masomo njiani, nimweleze tukiwa mwendoni. Ukieleza huku unahema huwezi kumwaga ulichokariri. Unasema kile unachokijua tu, kwa maneno machache. Ndivyo nilivyogundua ni machache kiasi gani ninayoyajua, nikaanza kuyasoma kwa kuyaelewa.

Sikwambii mbio hujibu mtihani. Mbio hazijui kemia. Mtihani wa taifa ulipofika niliogopa kama kawaida yangu, lakini nilisoma swali lililoulizwa, nikajibu hilo. Nilipata daraja la pili. Nilikuwa nimeota la kwanza, na nilimlilia mama usiku huo, maana ndivyo nilivyo. Baba alisema la pili linafika kidato cha tano, na kweli likafika.

Basi sikia, mwanangu. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na kichwa nacho ni ngoma. Usiukatie mwili wako muda ukidhani unaiongezea akili. Wawili hao wanakaa nyumba moja, na mmoja akiugua hakuna anayelala. Nenda mchakamchaka na wenzako, hata ukiwa wa mwisho. Cheza mpira wako, oga, kula, ndipo uketi na kitabu, na usiku ulale. Usikariri jibu la mwingine. Mweleze rafiki kwa maneno yako hadi akuelewe. Na asikutangazie mtu udhaifu usio nao, hata kama ni mzazi, hata kama anakupenda. Hasa kama anakupenda, maana wa namna hiyo ni vigumu kumkatalia. Mkatalie kwa adabu. Mimi sikuweza.

Nimemwambia mama yako asiende kuomba ruhusa. Nikasirikie mimi, nipo.

Mungu akupe miguu inayotii na kichwa kilichotulia. Akupe rafiki wa kukungoja nyuma. Akufikishe pale unapotaka, ufike ukiwa mzima, na watu wa nyumbani wakupokee kwa vigelegele. Amina, mwanangu.