Mkwe Wetu Alipofunga Mota Kwa Boti

Hapana, si magoti. Najua mtu akinipata asubuhi hii nikipalilia nthoroko, hizi kunde zetu, huku juu kwa shamba, na si kule chini kwa dam, swali itakuwa hiyo, kwa hivyo wacha nijibu mapema. Magoti iko sawa. Mikono nayo, angalia, hii bado inaweza kuangusha mbuzi. Na maji siogopi. Niliacha tu.

Mimi sikuzaliwa kwa maji. Mimi ni mtu wa Runyenjes, kwa majani chai, mahali mto ni kitu ya kuruka ukienda kanisa. Mzee wangu alinioa akanileta huku Mbeere nikiwa msichana, kwa joto na mawe, na dam ikakuja baadaye ikatupata hapa. Yeye akajifunza kuvua. Mimi nikajifunza kupara samaki, na kunyamaza, lakini hiyo ya kunyamaza haikuniingia vizuri.

Halafu presha ikampiga. Akapona, lakini mkono wa kushoto ukalala, ukakataa kuamka. Daktari mmoja kijana kule Embu akamwambia, na sauti yake nyembamba kama ya mbu, "Mzee, sasa maneno ya boti tutaachia wengine." Mzee akasema, "Mm." Mzee wangu husema "mm" kama mtu ameangusha gunia chini. Akarudi nyumbani, akaweka kiti nje, akaangalia dam. Chakula inapoa, anaangalia dam. Mvua inaanza kunyesha, anaangalia dam mpaka nimvute.

Asubuhi moja nikamwambia, "Simama. Twende. Makasia nitapiga mimi."

"Wewe? Mtu wa majani chai?"

"Kwani makasia inaulizanga kitambulisho?"

Siku za kwanza tulizunguka tu hapo karibu kama kuku imekatwa shingo. Malengelenge ikajaa kwa mikono. Lakini nikashika. Na sasa sikiza, kwa sababu hapa ndio maneno yangu yote iko. Ukipiga makasia, unakaa katikati ukiangalia nyuma. Mahali boti inaenda wewe huoni. Yeye alikuwa anakaa nyuma, ameniangalia, magoti yetu karibu kugusana, na yeye ndio macho yangu. "Kulia. Kulia kidogo. Kuna mti." Maana hiyo dam ina miti ilizamiwa ikiwa imesimama, na mpaka leo imesimama huko ndani, imekufa. Kwa hivyo asubuhi yote mimi naangalia uso yake, na yeye yangu. Hakuna mahali ya kwenda.

Nyumbani huyo mtu angeongea nini? "Chumvi." "Funga mlango." "Nani amechukua redio?" Lakini tukishafika katikati ya maji, mdomo unafunguka. Aliniambia vile alijisikia siku mkono ulikufa, akiwa ameshika kikombe na hajui kama amekishika. Aliniambia juu ya mtoto wetu wa kwanza, yule hakukaa, vile alichimba ile kaburi ndogo peke yake na hakutaka mtu amsaidie. Miaka hiyo yote nilikuwa nafikiria alisahau. Na siku ingine akaniita jina yenye wasichana wa Runyenjes walikuwa wananiita tukichuna majani. Niliacha makasia, ikaelea. "Nani alikuambia hiyo jina?" Akasema, "Ni wewe. Siku ya kwanza." Uso yake imeinama upande mmoja na bado alikuwa anacheka.

Samaki haikuwa kitu kwangu. Tukipata tilapia, sawa. Tukikosa, sawa. Mimi nilikuwa naenda kusikiza.

Sasa wavuvi, wale vijana wa pale ufuoni, hao hawana adabu na nawapenda hivyo hivyo. Wakituona tukishuka, mmoja anapiga kelele, na sauti kama ya makanga wa matatu: "Mzee, leo injini imekunywa uji?"

Mwingine: "Hiyo injini ni ya mwaka gani, mzee? Spea inapatikana?"

Mimi nawarudishia: "Injini inawaka bila kusukumwa! Shida ni breki, kwa hivyo toka mbele yangu!"

Wanacheka mpaka wanashika magoti. Mimi nacheka. Mzee anaangalia neti. Nilikuwa nafikiria anatafuta mahali imetoboka.

Msichana wetu akasikia kwamba mama anapiga makasia, akamwambia bwana yake. Mkwe wetu ni mtu wa Kianjai, anafanya kazi ya sola kule Meru. Mtu mzuri sana. Ana heshima mpaka inachosha. Nyinyi mnajua huku kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani. Yeye akinisalimia anaangalia kuku. "Muga, mama," anaambia kuku. Akitaka kitu, anapitisha kwa mzee, na mimi nimesimama hapo nasikia yote. "Baba, uliza mama kama kuna maji ya kunywa." Mzee ananigeukia: "Kuna maji?" Najibu mzee: "Mwambie iko." Kikombe inazunguka kama kesi.

Ndio huyo akakuja na hiyo mota. Kitu refu kama mpini wa jembe, juu iko na mkono wa kushika, chini iko na kafeni kadogo. Si ya mafuta, ni ya betri. Unashika kwa mkono moja, unazungusha, inaenda. Mkono moja! Nikaona mzee akinyosha ule mkono wake mzima, akishika mota, akiipima, na macho yake ikawa ya mtu wa miaka thelathini. Nilifurahi. Sitasema sikufurahi.

Kuifunga ilikuwa sinema. Mkwe alitaka kuiweka nyuma. Mzee akakataa kabisa.

"Ng'ombe unafunga wapi ukilima?"

"Mbele, baba."

"Umeona ng'ombe ikisukuma plau na kichwa?"

"Hapana, baba, lakini hii..."

"Weka mbele."

Utakataa baba mkwe? Mkwe akachukua ubao ya mukau, ngumu, akatoboa matundu, akaifunga na bolti pale mbele kwa pua ya boti, mota ikabanwa hapo. Mzee akapanda, akazungusha. Boti ikarudi nyuma! Ikaenda na matako moja kwa moja mpaka kwa matete, na mzee juu yake amekaa wima kama chifu. Wavuvi walilala chini. Mkwe yeye hakucheka. Aliangalia kuku, na hapo hata kuku hakukuwa.

Wakaihamisha nyuma. Ubao ikafungwa tena, vyuma ikakazwa, kafeni kakateremshwa vizuri kwa maji. Lakini sasa uzito yote iko nyuma: mzee, mota, na ile betri nzito kama mawe ya kusagia. Pua ya boti ikaangalia juu. Maji ikaanza kuchungulia nyuma ikitaka kuingia. Betri ingeenda mbele, lakini waya ilikuwa fupi.

Na makasia yangu, nikaona, mkwe ametoa. Ameweka kwa nyasi. Kile kiti changu cha katikati pia ametoa, ndio waya ipite.

Hapo moyo yangu ilianza kupiga kama mlango ya choo. Nilisimama hapo ufuoni nikijiuliza kitu moja tu: mimi nitakaa wapi? Sikuuliza kwa sauti. Nilianza kuchekesha watu, ndio tabia yangu nikiogopa. Nikamwiga mzee akirudi nyuma kwa matete, wavuvi wakacheka tena.

Mkwe ndio aliona. Sijui aliona aje na haniangalii. Akazunguka ile boti, akakohoa, akasema, "Baba, uliza mama kama anaweza kukaa hapo mbele kwa pua. Akikaa hapo, itasimama vizuri." Halafu akatoka kwa maji haraka, akaenda mbali, ndio nipande bila kupitana na yeye.

Nilipanda nikiwa nimeshika nguo. Nikakaa mbele, nikamwangalia mzee. Boti ikashuka, ikatulia, sawa kabisa. Mkwe kule juu akapiga makofi, akaambia mlima: "Hapo! Hapo mama asitoke!"

Asitoke. Nikajikalisha vizuri.

Tulienda. Hakuna kelele, hakuna makasia kulia, maji inapasuka tu pole pole. Nikangoja mdomo yake ifunguke. Alikuwa mbali, boti yote iko katikati yetu, lakini hakukuwa na upepo, angenisikia hata akinong'ona. Nikamwambia, "Leo si tumekaa kama wazungu wakikula, kila mtu mwisho wake wa meza?" Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande huu.

"Sogea. Sioni mbele."

Nikasogea. Akaangalia maji juu ya bega yangu. Tulipopita wavuvi mmoja akapiga mluzi: "Ee! Mzee amekuwa kapteni!" Na mzee wangu akainua kidevu. Hivyo. Sijamwona akiinua kidevu tangu presha. Nikasema kwa roho, wacha afurahie leo. Kesho atazoea, ataongea.

Mkwe alirudi Meru hiyo jioni na njugu za kupelekea watoto.

Asubuhi nikaamka, mzee hayuko. Nikajua ametangulia kuangalia kitu chake kipya. Nikaweka uji kwa chupa, nikachukua kofia, nikashuka haraka nikiimba. Nikampata amekaa kwa boti, ameshika mota, yuko tayari. Na mbele, kwa pua, mahali mkwe alisema mama asitoke, kulikuwa na gunia ya mchanga. Imefungwa na kamba ya neti, imekaa vizuri. Ufuoni kulikuwa na shimo mpya na sahani ya kuchotea. Alijaza hiyo gunia na mkono moja. Mtu ambaye hawezi kufunga vifungo vya shati. Sijui alianza saa ngapi, na sijui aliivuta aje mpaka juu.

Nikajaribu mzaha. "Na huyu msichana mnono ni nani, na hata hajavaa viatu?"

Akachungulia kafeni kwa maji.

"Sukuma yeye kwa maji mimi nikae."

"Wacha iko hivyo."

"Mimi nina uzito kama yake. Hata nimeshinda. Na mimi nabeba uji."

Wavuvi walikuwa hapo karibu wanafungua neti zao, wametupatia migongo. Nikaingia maji mpaka magoti, nikashika boti upande. Nikamwambia pole pole, ndio wasisikie, "Mzee. Si tunaenda pamoja? Kama tu ile siku zote?"

Akaniangalia. Hakuwa na hasira, wallahi hata kidogo. Aliongea vile mtu anaeleza mgeni njia, akizungusha ule mkono wa mota.

"Wewe nilikuwa nakubeba kwa sababu ya makasia tu."