Kamera Iliyolala Tongaren

Aliyenivunja mguu ni dereva wa lori la mahindi, mume wa binamu yangu, na sitamficha. Ilikuwa kwenye soko la mji wa Kwanza. Nilikuwa nimepaki, nimezima gari, ninakula muhogo. Akarudi nyuma na lori bila kuangalia, akaniponda humo ndani. Kisha akamwambia askari ati mimi ndiye niliyemwingia kwa nyuma. Askari akaandika hivyo hivyo, na mwenye mahindi akaitikia. Mimi nilikuwa hospitalini nikiwekewa chuma. Nani angenisemea?

Tangu hapo siwezi kuacha gari mahali nikatulia. Hata kanisani nageuka geuka. Dada yangu, nesi hapa Kitale, aliponunua gari la umeme akanipa niendeshe, kitu cha kwanza nilichotaka ni kamera ya kioo cha mbele, tena inayoona hata gari likiwa limepaki.

Fundi wa redio za magari kule Kipsongo ndiye aliyeiunga. Dada akamuuliza kama haitamaliza moto wa betri.

"Madam, hii gari yote ni betri," akasema. "Kamera itakula nini imalize?"

Tukacheka, na kwa kicheko hicho mimi pia nina lawama. Gari la umeme lina betri nyingine ndogo, kama ya gari lolote, ndiyo inayofungua milango na kuamsha ile kubwa. Fundi alikuwa amefunga kamera kwa hiyo ndogo.

Mjomba wetu alipofariki tulienda Tongaren, tukalala huko hadi siku ya tatu baada ya maziko, siku ya kumuse, mzee anapotembea katikati ya watu akinena juu ya marehemu na ukoo. Akinena, hakuna kusimama, hakuna kupita. Gari siku zote hizo lilikuwa nyuma ya nyumba, kamera ikilinda, au hivyo nilidhani. Lori la shemeji yule yule aliyenivunja mguu lilikuwa mbele yake, limeligeuzia mgongo.

Mzee akiwa katikati, nikasikia lori linawaka. Nikainuka nusu.

"Keti," dada akanivuta koti. "Unataka kumpita mzee?"

"Lori linarudi nyuma."

"Si kamera iko? Sikiliza mzee."

Nikaketi. Mzee alikuwa bado kwa mababu wa mababu, hana haraka.

Alipomaliza nilikimbia nilivyoweza. Lori lilikuwa limesogezwa kivulini tu, na gari halikuwa na mkwaruzo. Lakini halikufunguka. Nikatumia ufunguo wa chuma. Ndani kimya, kamera giza; ilikuwa imeimaliza ile betri ndogo. Nyaya za kuazima moto zilikuwa kwa mtu mmoja tu pale, yule shemeji wa lori.

"Shemeji, jicho limelala?" akasema, akifungua boneti. "Mimi nasogeza lori, wewe unaugua."

Akachukua moto kwa betri moja tu ya lori, maana zote mbili pamoja zingeunguza gari letu. Akiwa ameinama hivyo, akasema kama anayeongea na boneti: "Hata ile siku kule sokoni Kwanza ulikuwa umepaki hivi hivi, nyuma yangu, mahali sioni. Unapenda hapo, bana."

Nilimwangalia dada. Alikuwa amesimama na chupa ya chai mkononi.

Gari likaamka. Taa nyekundu ya kamera ikawaka.

"Rudia hapo, shemeji," nikasema.

Akaitazama ile taa. Akaanza kukunja nyaya zake polepole.

"Kurudia nini?"

Kamera sikuirudisha kwa fundi yule. Sasa ina pawabenki yake, naichaji nyumbani, na betri ya gari haiguswi. Lakini maneno yale ya shemeji haikuyapata. Siku ile tulipofika getini nikamuuliza dada kama alisikia.

"Nilisikia," akasema. "Ni mtu wa nyumbani, lakini nilisikia."

Jumatatu tunaenda kituoni kwa askari, dada aseme alichosikia. Amesema atavaa yunifomu yake ya unesi, ndiyo wamsikilize hadi mwisho.