Hedi Iliyokazwa kwa Heshima

Kasulu, ukishuka kutoka stendi kuelekea bondeni, ipo gereji isiyo na kibao. Haikihitaji. Mwambie bodaboda yeyote akupeleke kwa fundi asiyekataa, atakufikisha kwa Mpawenimana bila kuuliza mara mbili. Mikono yake ni mizuri, hilo mtu asimdhulumu. Ugonjwa wake uko mdomoni. Neno hapana halijapata kumtoka tangu azaliwe. Ukimletea jembe achomelee, sawa. Ukimletea redio, sawa. Kwaya ilimwomba aimbe besi, naye sauti yake ni ya mbuzi aliyekabwa na kamba. Akaimba mpaka Pasaka ikapita.

Kwa kuitikia hivyo alimpata mke, Esteri, na kwa kumpata Esteri akapata mahali pa kufanyia kazi, maana kiwanja cha gereji ni cha baba mkwe wake, mzee Ndayiragije. Basi Mpawe alikuwa fundi kwa hisani, na hisani ni kama mvua ya kwanza ya vuli: hunyesha kwa mkulima bila kumwahidi kitu.

Mzee alikuwa na lori la injini ya turbo, likibeba maharage kutoka Makere kwenda Kibondo. Siku moja kwenye mlima, lori la Abbasi, mwenye maduka pale mjini, likampita. Kupitwa si neno. Neno ni kwamba Abbasi alitoa mkono dirishani akapunga leso polepole, kama anayemuaga mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Mzee alirudi nyumbani hakula. Asubuhi akaja gerejini na kutoa amri moja: turbo iongezwe upepo.

Mpawe aliyajua ya mbele. Turbo huishindilia injini hewa. Ukiizidishia upepo, nguvu inazidi, lakini na kishindo ndani ya silinda kinazidi, kinataka kuinyanyua hedi, kile kifuniko kizito cha juu, kama chungu cha maharage kinavyorusha mfuniko wake. Kati ya hedi na injini kuna gasketi, nayo ikishindwa, maji ya rejeta huingia kusikokuwa kwake. Kwa hiyo mtu mwenye akili huimarisha hedi kwanza, upepo baadaye. Yote hayo yalimpita Mpawe kichwani. Kinywani likapita jingine.

"Ndiyo, databukwe," akasema, kama wakwe wa kule wanavyoitwa kwa adabu.

Safari ya kwanza mzee alimpita Abbasi, akapunga leso yake. Safari ya pili lori likatoa moshi mweupe mlimani, likachemka, likanyamaza. Aliyesimama kumpa mzee msaada ni Abbasi huyohuyo, kwa upole mwingi, akamketisha nyuma juu ya magunia ya vitunguu, kwa sababu mbele, alisema, palikuwa pamejaa.

Mzee akaja gerejini akinuka vitunguu. Alisema maneno machache.

"Likichemka tena, hapa napanda mihogo. Mihogo haichemki mpaka uibandike mwenyewe."

Hofu ikamtia Mpawe bidii. Hedi aliipeleka Kigoma ikasawazishwa uso hadi ikanyooka kama kioo. Akaagiza gasketi ya chuma ya matabaka, na stadi za chuma kigumu badala ya boliti za zamani. Ikabaki kukaza. Na kukaza kuna utaratibu: unaanza katikati kwenda nje, mzunguko kwa mzunguko, kwa spana ya kipimo, ile inayolia tik nguvu ikitosha. Ikilia, unaacha.

Lakini kwa watu wale kazi kubwa haifungwi na mtu mmoja. Ukijenga nyumba, kila mwenye mvi anayefika huweka tofali lake. Ukimnyima, ni kama umemwambia mkono wake una mkosi. Mzee Ndayiragije akaja na wazee wenzake, na shemasi Anania wa kuombea. Aliyewazidi wote umri alikaza stadi iliyokuwa karibu na kiti chake, kwa sababu ya goti. Wa pili akachukua ya pembeni iliyo kivulini. Shemasi alikaza mbili akiwa amefumba macho. Mwenye lori akawa wa mwisho, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Spana ikalia.

"Inalia hiyo," shemasi akasema.

"Iache ilie. Hata ng'ombe hulia akifungwa."

Mpawe alikuwa amesimama kando, ameshika kreti la soda, anatabasamu. Angeweza kuzilegeza zote na kuanza upya, ila mzee aliketi pale pale mpaka kifaa cha mwisho kikarudishwa. Lori halikufika hata Makere. Kesho yake Mpawe akakuta mlangoni pa gereji mzigo wa pingili za mihogo, umefungwa vizuri kwa kamba.

Esteri aliutazama ule mzigo, akamtazama mumewe.

"Wewe ungezaliwa mwanamke," akamwambia, "ungekuwa na mimba kila mwaka. Sikiliza. Baba hataki kukaza injini. Anataka kuonekana anakaza. Mtafutie ya kukaza."

Nyuma ya gereji palikuwa na injini mfu, kuku wanataga ndani yake. Mpawe akawahamisha kuku, akaiosha, akaipaka rangi ya fedha, akaiweka juu ya meza palepale nyuma. Ile ya kweli akaifunga mwenyewe chini ya turubai, gasketi mpya, katikati kwenda nje, tik kwa tik. Kisha akaita wazee, akawaambia wakimaliza kukaza ataipachika. Walikaza kwa heshima zote. Shemasi aliona unyoya mmoja, akasema ni ishara njema.

Lori likapanda mlima. Abbasi akapitwa, yeye pamoja na magunia yake. Jumapili mzee akashuhudia kanisani kwamba vijana wana vyuma lakini nguvu iko kwenye mikono ya wazee, na watu wakasema amina. Siku hizi wenye magari Kasulu huja na wazee wao kabisa, wamevaa makoti, na injini ya kuku hukazwa karibu kila wiki. Pingili Esteri alizipanda kando ya uzio, zimeshika vizuri.

Majuzi mzee amerudi. Akasema kiwanja hakina maneno tena, ni cha Mpawe na wanawe. Ila Abbasi amenunua lori jipya, kwa hiyo upepo uongezwe kidogo zaidi.

Esteri, aliyekuwa anapeta maharage mlangoni, akasimamisha ungo.

"Ndiyo, databukwe," Mpawe akasema. Akamkabidhi mzee spana, akamshika mkono taratibu, akampeleka nyuma ya gereji.