Niliwapeleka Wahindi wanane Korea bila kutoka Saint Paul, nusura uduvi waniumbue

Wakuu, habari za mihangaiko.

Miaka yote humu nimekuwa msomaji wa kimya kimya, leo nimeamua kufungua mdomo. Haya yalinitokea mwenyewe na sijaongeza chumvi, ingawa chumvi mtaikuta nyingi tu huko mbele.

Nawaambia mapema kwamba nitajisifu. Mwenye kinyongo apite kushoto.

Mimi ni mtoto wa Mwanza, naishi Coon Rapids, huku kaskazini mwa Minneapolis. Katikati ya wiki niko hospitali, kitengo cha kufua mashuka. Miaka ile treni ya University Avenue ilipokuwa bado mpya, nilipata kibarua cha Jumamosi kule Frogtown, Saint Paul.

Boss wangu alikuwa bibi wa Kikorea wa miaka sabini na kitu. Alikodi ghorofa ya juu ya duka la vitasa na misumari, akaifanya nyumba ya utamaduni wa kwao. Ukija unavalishwa hanbok, zile nguo zao za asili, unafundishwa kuinama kwa heshima, unakunywa chai sakafuni, halafu unatengeneza kimchi, kabichi yao ya kuchachusha na pilipili, kwa mikono yako na kuondoka na chupa.

Tulimwita Halmoni, maana yake bibi. Yeye aliniita Mwanza. Siku ya kwanza nilimtajia jina langu na nilikotoka, akachagua lililomkaa mdomoni.

Wateja wake wengi walikuwa wazazi Wazungu walioasili watoto kutoka Korea. Huku Minnesota wapo wengi sana. Walitaka mtoto aonje kwao.

Mimi niliajiriwa kubeba maboksi ya kabichi tu. Ngazi zilikuwa kali na Halmoni vidole vilishapinda kwa baridi yabisi. Lakini mtu wa Mwanza habebi kabichi mwaka mzima bila kuuliza maswali. Nikajifunza kuipasua, kuitia chumvi jani kwa jani, kuigeuza, kuiosha. Ikafika mahali Halmoni anakaa kwenye kiti, mimi ndiye nafanya.

Isipokuwa kitu kimoja, ule mchanganyiko mwekundu wa pilipili. Huo hakumwachia mtu. Alikuwa akisema kabichi ni mwili, ule mchanganyiko ndio roho.

Sasa, Novemba moja, akapiga simu kijana anaitwa Karthik, Mhindi wa Chennai, mtu wa IT pale Minneapolis. Anataka kumleta mama yake na ndugu na marafiki, jumla wanane. Mama alikuwa amekuja kumtembelea na amebakiza siku nne arudi India.

Huyo mama, wote walimwita Amma, yaani mama kwa Kitamil cha kwao, alikuwa mpenzi wa tamthilia za Kikorea kupindukia. Yeye na mumewe walipanga wakistaafu waende Korea. Mume akafariki mwaka uliotangulia. Amma akasema peke yake haendi tena. Kwa hiyo Karthik alituambia wazi kwenye simu: "Hii kwake ndiyo Korea. Hakuna nyingine."

Mnaona uzito wake.

Ijumaa mchana Halmoni vidole vilimuuma hata kijiko hakishiki. Akanitazama, akasema, "Mwanza, kesho roho unatengeneza wewe."

Wakuu, nilitamani nipige picha nitume Mwanza nzima.

Nikasoma fomu ya wageni. Kwenye chakula wote wanane waliandika vegetarian. Nikatabasamu. Nikatoa nyama ya ng'ombe kwenye supu, nikajipongeza kwa umakini wangu, nikaingia kazini. Pilipili ya unga, uji mwepesi wa mchele, tangawizi, vitunguu saumu, peasi, figili nyeupe. Na vijiko vinne vya uduvi, wale kamba wa baharini wadogo kama punje, waliotiwa chumvi na kuwekwa kwenye chupa. Ndivyo nilivyomwona Halmoni akifanya kila wiki.

Haikunijia hata kidogo kichwani kwamba uduvi ni kiumbe.

Msinicheke. Kwetu mtu akikwambia hali nyama, unampikia samaki. Mama yangu anaweka dagaa waliotwangwa kwenye mchicha na anauita mchicha. Na nimekulia jirani kabisa na Wahindi wenye maduka, nawajua. Lakini nilichojua ni kwamba hawali ng'ombe, basi.

Jumamosi wakaja. Nje theluji ya kwanza ya mwaka, Amma kavaa sari, juu koti la mwanaye limemfika magotini, chini raba na soksi za sufu.

Tukamvalisha hanbok ya kijani na pinki. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu, anapapasa tu mikono ya nguo. Kisha akamwinamia Halmoni hadi sakafuni, sawasawa, bila kufundishwa. Alishaiona ile mara elfu kwenye TV.

Halmoni naye akainama. Hiyo sijawahi kumwona akimfanyia mteja.

Chai ikaenda vizuri. Wakagundua kwamba baba kwa Kitamil ni appa na kwa Kikorea ni appa, ikawa vicheko. Mimi kifua mbele, apron nyeupe, najiona waziri wa utamaduni wa nchi mbili zisizo zangu.

Tukahamia mezani. Kabichi zimepangwa, beseni la roho langu liko katikati jekundu linang'aa. Bado hakuna aliyeligusa. Amma anavaa glavu. Karthik akanisogelea, akasema kwa kawaida tu, "Mama yangu hata biskuti hali mpaka asome pakiti. Tangu azaliwe hajaweka mdomoni kitu kilichowahi kuogelea wala kutembea."

Kuogelea.

Wakuu, nikageuka kulitazama lile beseni na vijiko vyangu vinne vya uduvi.

Niwe mkweli kama nilivyoahidi, nilifikiria kunyamaza. Uduvi walishayeyuka. Ladha yao humo ndani hakuna ambaye angeijua. Amma angekula, angefurahi, angepanda ndege. Halmoni asingeaibika. Mimi ningebaki waziri.

Nikamtazama yule mama anavyovuta glavu kidole kimoja kimoja, kama anaenda kushika kitu kitakatifu. Nikashindwa.

Nikasema kwa sauti, "Samahanini, tafadhali msiguse. Nimeweka uduvi. Kosa ni langu, si la Halmoni."

Mikono yote ikarudi nyuma.

Karthik akapandisha hasira. "Tuliandika kwenye fomu! Wote wanane!" Na alikuwa na haki. Niliinamisha kichwa tu. Halmoni pale kwenye kiti akageuza uso akatazama ukutani, na hilo liliniuma kuliko maneno ya Karthik. Nilishajiona kwenye treni narudi bila kazi.

Amma akamvuta mwanaye mkono, akauliza kitu kwa Kitamil. Karthik akasita, kisha akanitafsiria: "Anauliza, usingesema, nani angejua?"

Nikajibu, "Hakuna, mama. Mimi tu."

Amma akatikisa kichwa kwa ile namna ya kwao, isiyo ndiyo wala hapana. Akasema maneno machache. Karthik sauti ikashuka: "Anasema basi atakula kwa mkono wako. Tengeneza kingine."

Nitengeneze vipi? Bila uduvi sikujua. Nikamgeukia Halmoni.

Halmoni akacheka, ndiyo, akacheka, mara ya kwanza siku ile. Akasema, kwa Kiingereza chake cha vipande vipande, kwamba mama yake alikuwa akiwapikia watawa wa hekalu mlimani. Wale hawali samaki, hawali nyama, hata kitunguu saumu hawali. Kimchi yao anaikumbuka. "Osha beseni," akaniambia. "Mara mbili. Yeye aone."

Nikahamishia roho ya uduvi kwenye ndoo, nikaosha beseni mara tatu, Amma kasimama pembeni ananihesabia.

Halmoni akaelekeza kutoka kwenye kiti. Nikachemsha mwani na uyoga mkavu, nikakoroga uji mpya, sosi ya soya, peasi, tangawizi, pilipili. Nikaanza kuchanganya. Amma akanitazama kidogo, akanisukuma kwa kiuno kama mama zetu wanavyokusukuma ukikosea kusonga ugali, akaingiza mikono mwenyewe.

Kumbe kwao ndiye fundi wa achari wa mtaa mzima! Mikono ile inaijua pilipili. Halmoni anaonyesha kwa kidole, chumvi kidogo, Amma anaonja, anakataa, anaongeza peasi, Halmoni anaonja, anakubali. Hawana lugha hata moja ya pamoja. Vile vidole vya Halmoni vilivyogoma, siku ile vilipata vingine vya kuazima.

Ikiiva kazi, Wakorea wana desturi yao. Unakunja jani la kwanza kwa mkono, unamlisha mwenzako mdomoni. Halmoni akajikaza na vidole vyake, akakunja, akamlisha Amma.

Amma akafumba macho. Akatafuna. Machozi yakamtoka, akasema jina ambalo Karthik alinieleza baadaye ni la marehemu mumewe.

Kisha Amma akakunja jani la pili. Nilidhani la Halmoni. Akaja kwangu.

Nilikula wakuu, nikageuka dirishani nikajifanya natazama theluji.

Jioni wageni walipoondoka nikamwomba Halmoni msamaha, nikauliza kama nirudi Jumamosi ijayo. Akanipa ile ndoo ya uduvi yote, kabichi zilizobaki na chupa nne. "Hii nyumbani kwako. Jumamosi njoo mapema, roho ni yako sasa." Nimekula kimchi ya uduvi na ugali wiki tatu, jirani zangu Wakongo wakawa wanabisha hodi na sahani.

Nilichojifunza: ukimkaribisha mtu kwenye chakula, usitumie jiko la mama yako kupimia kinywa chake. Muulize. Na ukiharibu, sema kabla hajameza.

Sasa kipande ninachojisifia zaidi.

Miezi kadhaa baadaye Karthik alinitumia picha kutoka kwa mama yake. Rafu ya jikoni Chennai, chupa kama kumi za kimchi isiyo na samaki, anazogawia majirani. Kila chupa ina karatasi, imeandikwa kwa herufi kubwa jina la hicho chakula kama anavyolijua yeye.

MWANZA.

Kwa hiyo wakuu, kuna mtaa India watu wanakula Mwanza na wali. Karibuni mniambie, na ninyi mlishawahi kumwekea mgeni nini bila kujua, na mlisema au mlinyamaza?